Kabla Hujakimbilia Fomula

Kuna namba mbili nimezificha. Jumla yake ni 10, zao lake ni 21. Aliyekariri jedwali la kuzidisha atajibu "3 na 7" kabla sijamaliza kusema. Sasa nabadilisha jambo dogo tu: jumla ibaki 10, zao liwe 22. Hapo kasi inakatika. 3 na 7 zinaleta 21, 4 na 6 zinaleta 24, na kati ya hizo hakuna namba nzima ya kutuokoa. Aliyejibu swali la kwanza upesi anagundua kwamba hakulikokotoa, alilikumbuka tu.

Tukae na swali hili la pili bila haraka, kwa sababu karibu kila kinachofundishwa shuleni kuhusu mlinganyo wa kipeo cha pili kimo ndani yake.

Namba mbili zenye jumla ya 10 zina wastani wa 5. Basi kama hazilingani, moja iko chini ya 5 na nyingine iko juu ya 5, na zote mbili ziko mbali na 5 kwa kiasi kilekile. Moja ikipungua kwa 2, nyingine lazima izidi kwa 2, la sivyo jumla haifiki 10. Umbali huo hatuujui, kwa hiyo tuupe jina, u. Namba zetu ni 5 − u na 5 + u. Tuzizidishe:

(5 − u)(5 + u) = 25 + 5u − 5u − u² = 25 − u²

Zile 5u mbili zimefutana, na hilo ndilo jambo tulilolitaka. Tumeambiwa zao ni 22. Kwa hiyo 25 − u² = 22, yaani u² = 3, na u ni kipeuo cha pili cha 3, takribani 1.732. Namba zilizofichwa ni 5 − √3 na 5 + √3, ambazo kwa desimali ni kama 3.268 na 6.732. Zijumlishe, zizidishe, uone mwenyewe.

Hatukubahatisha popote. Rudi kwenye zao la 21 kwa njia hiihii: u² = 4, u = 2, namba ni 3 na 7. Jaribu zao la 30: u² = −5. Hakuna namba ya kawaida ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaleta hasi, kwa hiyo swali halina jibu, na sababu yake inaonekana wazi. Zao ni 25 ukiondoa kitu, na kitu hicho hakiwezi kuwa hasi. Namba mbili zenye jumla ya 10 haziwezi kuzaa zaidi ya 25, hata ufanyeje.

Uhusiano wa fumbo hili na mlinganyo ni huu. Tuseme namba zilizofichwa ni p na q. Andika (x − p)(x − q) = 0 na ufungue mabano. Unapata x² − (p + q)x + pq = 0. Namba inayozidisha x ni jumla iliyogeuzwa alama, na ile isiyo na x ni zao. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandikiwa ubaoni x² − 10x + 22 = 0 ameulizwa swali letu bila kupungua wala kuongezeka: nitajie namba mbili zenye jumla ya 10 na zao la 22.

Kuna kiungo kimoja cha hoja hii ambacho walimu wengi hukipita mbio. Kwa nini upande wa kulia lazima uwe sifuri? Kwa sababu namba mbili zikizidishwa zikaleta sifuri, walau moja kati yake ni sifuri, na hakuna namba nyingine yenye tabia hiyo. Zao likiwa 12 hujui lolote kuhusu kila moja peke yake: huenda ni 3 na 4, huenda ni 2 na 6, huenda ni nusu na 24. Ndiyo maana mwanafunzi anayepewa x(x − 3) = 10 akaandika "x = 10 au x − 3 = 10" amekosea jambo la msingi, ingawa mwandiko wake unafanana kabisa na wa aliyepata. Anapaswa kuihamisha 10 kwanza: x² − 3x − 10 = 0, ambayo ni (x − 5)(x + 2) = 0, na majibu ni 5 na −2. Yapime: 5 mara 2 ni 10, na −2 mara −5 ni 10.

Hii kazi ya kutafuta kati na kupima umbali ni ya kale mno. Kwenye British Museum jijini London kipo kibao cha udongo chenye namba BM 13901, cha enzi ya Babeli ya Kale, kati ya mwaka 2000 na 1600 KK. Swali lake la kwanza linasema: nimejumlisha eneo la mraba na ubavu wake, nikapata robo tatu. Mwandishi anaelekeza hatua kwa hatua. Chukua 1, ikate nusu. Zidisha nusu kwa nusu, upate robo. Iongeze kwenye robo tatu, upate 1. Kipeuo chake ni 1. Toa ile nusu. Ubavu ni nusu. Hakuna x, hakuna alama ya jumlisha wala ya sawasawa, ila hatua zenyewe ni zilezile anazozipitia mtoto wa sekondari leo.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyeonyesha kwa mchoro kwa nini hatua hizo zinafanya kazi. Mfano wake maarufu ni x² + 10x = 39. Chora mraba wenye ubavu x. Hiyo ndiyo x². Kisha chukua 10x uikate vipande viwili sawa, kila kimoja kikiwa mstatili wa 5 kwa x. Kimoja kibandike upande wa kulia wa mraba, kingine upande wa chini. Umepata umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja imepungua. Eneo la umbo hilo ni 39. Kona iliyopungua ina ukubwa gani? Ni 5 kwa 5, yaani 25. Izibe, na mraba mkubwa unakuwa na eneo la 39 + 25 = 64. Ubavu wake ni 8. Lakini ubavu huohuo ni x + 5. Basi x = 3.

Ukiutazama mchoro huo mara moja, maneno "kukamilisha mraba" hayawi tena jina la sura katika kitabu. Kuna mraba, kuna kona iliyokosekana, na unaijaza. Tena ile 5 ya kona ni nusu ya 10, ileile nusu tuliyoipata tulipotafuta wastani. Mlinganyo huo una jibu la pili, −13, ambalo al-Khwarizmi hakulihesabu, maana ubavu wa mraba hauwi hasi. Kwa sababu hiyohiyo aligawa milinganyo katika aina sita, kila aina na maelekezo yake, ili kila namba ibaki chanya upande wake. Huko India, Brahmagupta alikuwa ameshaandika kanuni ya kutatua milinganyo hii mwaka 628, na yeye hakuziogopa namba hasi. Sisi tulioruhusu hasi tumezikunja aina zote sita kuwa moja: ax² + bx + c = 0.

Tuifikishe mwisho hesabu ya herufi. Gawa kote kwa a. Sasa jumla ya namba zilizofichwa ni −b/a na zao lake ni c/a. Wastani, tuuite m, ni nusu ya jumla: m = −b/2a. Na kama mwanzo, m² − u² = c/a, kwa hiyo u² = m² − c/a. Majibu ni m − u na m + u. Kazi imekwisha. Ukirudisha b na a mahali pa m, ukaziweka sehemu zote juu ya asili moja, unapata sentensi ambayo vizazi vya wanafunzi vimeikariri kama dua:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Kipande cha kwanza, −b/2a, ni kati. Kipande chenye kipeuo ni umbali. Alama ya ± inasema nenda kushoto kisha nenda kulia. Mwaka 2019 Po-Shen Loh, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, aliiandika upya njia hii ya wastani na umbali kwa ajili ya madarasa ya shule, na yeye mwenyewe alieleza kwamba viungo vyake ni vya kale. Nakubaliana naye kwamba hapa ndipo pa kuanzia. Anayeanza na fomula hukariri bila kuona, na anayeanza na kutafuta vigawo huzoea kubahatisha.

Hapo tu ndipo suala la kuchagua njia linapopata maana. Kwa kawaida vitabu hutaja njia nne, kutafuta vigawo, kukamilisha mraba, fomula na grafu, kisha mwanafunzi huachwa nazo kama mtu aliyeachiwa funguo nne za mlango mmoja bila kuambiwa upi unaingia. Utaratibu ninaoupendekeza ni kuutazama mlinganyo wenyewe kwanza, kabla ya kushika kalamu.

Je, kuna kipande kilichokosekana? Ukipewa 3x² = 48, hapana haja ya njia yoyote yenye jina: x² = 16, x ni 4 au −4, na wengi huisahau −4. Ukipewa x² = 5x, usigawe kwa x. Kugawa kwa x ni kudai kwamba x si sifuri, wakati sifuri ni mojawapo ya majibu. Hamisha, toa x nje ya mabano, x(x − 5) = 0, na majibu yote mawili, 0 na 5, yako mbele yako. Na ukipewa (x − 4)² = 7, tafadhali usifungue mabano. Nimeona madaftari ambamo mlinganyo huo umefunguliwa ukawa x² − 8x + 9 = 0, ukaingizwa kwenye fomula, √28 ikarahisishwa, na baada ya mistari mitano mwanafunzi akafika kwenye 4 ± √7. Jibu hilo lilikuwa limeandikwa katika swali. Kati ni 4, umbali ni √7.

Kisha, je, namba zinaweza kusafishwa? 0.3x² − 1.2x − 1.5 = 0 inatisha bure. Zidisha kwa 10, gawa kwa 3, upate x² − 4x − 5 = 0, na sasa jedwali la kuzidisha linatosha: 5 na −1.

Hapa tunafika kwenye kutafuta vigawo, njia inayopendwa kuliko zote darasani, na nina neno nayo. Chukua milinganyo yote ya umbo x² + bx + c = 0 ambamo b na c ni namba nzima kuanzia 1 hadi 10. Iko 100. Mingapi kati yake inagawanyika vizuri kwa namba nzima? Tunahitaji namba mbili nzima ambazo jumla yake haizidi 10 na zao lake halizidi 10. Moja ikiwa 1, nyingine inaweza kuwa 1 hadi 9: hizo ni 9. Moja ikiwa 2, nyingine ni 2 hadi 5: hizo ni 4. Halafu iko 3 na 3. Jumla ni 14. Na mingapi ina majibu halisi, yaani b² haipungui 4c? Ukihesabu safu kwa safu unapata 62. Kwa hiyo katika milinganyo 62 inayotatulika, 48 haikubali vigawo vya namba nzima. Anayejua njia hiyo peke yake atasimama mbele ya mitatu kati ya kila minne akiorodhesha jozi za namba mpaka muda wa mtihani uishe.

Kwa nini basi darasani inaonekana kufanya kazi daima? Kwa sababu mtunzi wa zoezi huanza na majibu. Huchagua 3 na 7, huzidisha mabano, kisha huandika swali. Dunia haitungi maswali yake hivyo.

Wapo wanaoshauri kupima kwanza kama b² − 4ac ni mraba kamili ndipo utafute vigawo. Ushauri huo ni sahihi, tena unachekesha. Chukua 6x² + 7x − 20 = 0. Hiyo namba ya ndani ni 49 + 480 = 529, na 529 ni 23 mara 23. Naam, vigawo vipo! Lakini ukishaijua 23, imebaki kuandika (−7 + 23)/12 = 4/3 na (−7 − 23)/12 = −5/2. Jibu limeshapatikana, sasa vigawo unavitafutia nini? Kutafuta vigawo kunafaa pale jicho linapoviona papo hapo, kama katika x² − 13x + 36. Visipojitokeza baada ya pumzi mbili tatu, achana navyo. Iko njia ya mkato moja ambayo haifundishwi vya kutosha: jumlisha a, b na c. Zikileta sifuri, 1 ni jibu, maana kuweka 1 mahali pa x ni kuzijumlisha tu. Katika 7x² − 12x + 5 = 0, 7 − 12 + 5 ni sifuri, kwa hiyo jibu moja ni 1, na kwa kuwa zao la majibu ni 5/7, jibu la pili ni 5/7.

Kati ya kukamilisha mraba na fomula, chaguo hutegemea b ilivyokaa. Kama a ni 1 na b inagawanyika kwa 2, kamilisha mraba. x² + 14x − 11 = 0 ina kati ya −7, umbali ni √(49 + 11), basi x = −7 ± √60, mstari mmoja. Lakini b ikiwa 7, kati ni −3.5, mraba wake ni 12.25, na kila hatua inaburuta sehemu. Fomula imeandikwa na ile 4ac na ile 2a kwa sababu hiyo hasa: imeahirisha kugawa mpaka mwisho, ili njiani ushike namba nzima tupu. Ni kukamilisha mraba kulekule, sehemu zikiwa zimefagiliwa mapema.

Kukamilisha mraba kuna faida nyingine ambayo fomula haina, nayo ni kuona mlinganyo mzima na siyo majibu yake tu. Tuseme mfugaji ana wavu wa mita 40 na anataka kujenga zizi la mbuzi la mstatili, ukuta wa nyumba ukiwa upande wa nne. Upande unaotoka ukutani ni x, uko mara mbili, kwa hiyo upande ulio sambamba na ukuta ni 40 − 2x. Eneo ni x(40 − 2x), yaani 40x − 2x². Likamilishe:

eneo = 200 − 2(x − 10)²

Mstari huo mmoja unajibu maswali ambayo bado hayajaulizwa. Eneo kubwa kabisa ni mita za mraba 200, pale x inapokuwa 10, kwa sababu kinachotolewa hakiwezi kuwa chini ya sifuri. Anataka 150? Basi (x − 10)² = 25, na x ni 5 au 15. Majibu yote mawili ni mazizi ya kweli: moja la mita 5 kwa 30, refu na jembamba, jingine la 15 kwa 10. Hesabu haimchagulii. Huenda mlango wa nyumba ukamchagulia. Anataka 210? (x − 10)² = −5, haliwezekani, na anajua amepungukiwa kwa mita za mraba 10 hasa. Fomula ingemwambia tu kwamba namba ya ndani ni hasi, ikanyamaza.

Grafu nitaipita upesi. Kwa majibu sahihi haifai, kwa kuwa penseli ina unene. Inafaa pale namba zenyewe zimetoka kwenye vipimo, au unapotaka kuona kama majibu yapo mawili, moja au hakuna kabla hujaanza kukokotoa.

Nimebakiza kisa kimoja ambacho ndani yake fomula yenyewe, ile ya kukaririwa, inaleta jibu baya ingawa hukukosea hatua hata moja. Unasimama kwenye ukingo wa kisima kirefu chenye giza. Unaachia jiwe, na sekunde 3 baadaye unasikia mlio wa maji. Kina ni kiasi gani? Sekunde hizo 3 zina sehemu mbili: muda wa jiwe kuanguka, tuuite t, na muda wa sauti kupanda, 3 − t. Tukipuuza ukinzani wa hewa, jiwe huanguka mita 4.9t². Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, zaidi kidogo hewa ikiwa ya joto. Umbali ni uleule, kwa hiyo 4.9t² = 340(3 − t), yaani:

4.9t² + 340t − 1020 = 0

Hakuna atakayetafuta vigawo hapa. Tunatumia fomula. Namba ya ndani ni 115,600 + 19,992 = 135,592. Tuseme tuna majedwali ya tarakimu nne, yale ya shuleni. Kipeuo ni 368.2. Kisha t = (−340 + 368.2)/9.8 = 28.2/9.8, takribani 2.8776. Tupime. Kwa kuanguka, kina ni 4.9t², mita 40.57. Kwa sauti, ni 340 mara 0.1224, mita 41.6. Kisima kimoja, vina viwili, tofauti ya mita nzima!

Tazama kilichotokea pale tulipotoa 340 kwenye 368.2. Tuliingia na tarakimu nne za kuaminika, tukatoka na tatu, 28.2. Namba mbili zinazokaribiana zikitoana, tarakimu za mbele hufutana na kinachobaki ni zile za nyuma, ambazo ndizo zenye mashaka. Kikokotoo kinaahirisha tatizo hilo, hakiliondoi. Kompyuta za kawaida hubeba tarakimu kama 16. Zipe x² + 100,000,000x + 1 = 0 kwa fomula ya kitabuni, na jibu dogo, ambalo ni takribani −0.00000001, litatoka kama −0.00000000745. Limekosea kwa robo nzima, na hakuna onyo lolote kwenye kioo.

Dawa ni kukumbuka zao. Kati ya majibu mawili ya mlinganyo wa kisima, lile hasi halina matatizo, kwa sababu ndani yake namba zinajumlishwa: −(340 + 368.2)/9.8, yaani −708.2/9.8. Zao la majibu yote mawili ni −1020/4.9. Gawa zao kwa jibu hilo, nawe unapata t = 2040/708.2, takribani 2.8805. Hakuna kutoa popote. Pima tena: kwa kuanguka mita 40.66, kwa sauti mita 40.63. Majedwali ni yaleyale na kipeuo ni kilekile cha 368.2. Watunzi makini wa programu za hesabu hufanya hivyohivyo: hutafuta kwanza jibu lililo mbali na sifuri, kisha hulipata la pili kwa kugawa zao.

Na lile jibu hasi lenyewe, sekunde −72.27, tulitupe tu? Kwa mchimba kisima, ndiyo. Lakini linasema kitu. Mlinganyo haujui kwamba uliachia jiwe. Unachojua ni kwamba wakati wa sifuri jiwe lilikuwa mkononi pako likiwa limetulia. Unakubali pia jiwe lililorushwa kutoka kina cha kilomita 25.6, likapanda kwa sekunde 72.27, likafika kiganjani pako na kusimama kabla ya kuanguka. Mlio uliotoka huko chini wakati wa kurushwa ungechukua sekunde 75.27 kupanda, na ungekufikia sekunde 3 hasa baada ya wakati wa sifuri. Aljebra imetimiza masharti yote tuliyoyaandika. Lile la kwamba t isiwe hasi hatukuliandika, kwa hiyo kulisimamia ni kazi yetu.

Bado kuna kidole cha mpimaji. Katika kina hicho jiwe linakwenda zaidi ya mita 28 kwa sekunde, na ukichelewa kubonyeza saa ya simu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kina kinabadilika kwa mita 2.6 hivi. Zile sentimita 9 kati ya 40.57 na 40.66 zinamezwa humo mara nyingi. Anayetaka usahihi zaidi ya huo alifunge jiwe kwenye kamba.